Mwasmini wa Bi Mwanakheri na Walinzi Wake

Paukwa!

Pakawa.

Huyo aliyekaa nyuma ya jiko hakuitika. Paukwa!

Pakawa.

Sasa tuko pamoja. Sukumeni kuni ndani, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatwa.

Hapo zamani za kale, wadudu walipokuwa wakisema na watu na watu wakiwajibu, palikuwa na mji uitwao Kisimatamu. Mji wenyewe haukuwa na makubwa. Ulikuwa na kisima kimoja, msikiti mmoja, na ulimi wa Bi Mwanakheri.

Bi Mwanakheri alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na alikuwa hajui kuzunguka. Ukimpikia wali ukaungua, ataula, kisha atakwambia umeungua. Ukimwonyesha mwanao mchanga ukamwuliza kafanana na nani, atakwambia. "Mimi mwanamke wa neno moja," ndivyo alivyozoea kusema. "Mtu namtazama usoni nikasema naye usoni. Mambo ya migongoni siyajui." Watu wakimheshimu kidogo, wakimwogopa kidogo, wakimkwepa sana.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule, kwa kuwa hadithi yote imesimama juu yake. Kisimatamu kila nyumba ilikuwa na mwasmini wake uani. Binti akiolewa, koja la shingoni na kikuba cha kifuani vilitungwa kwa asmini za mti wa kwao. Si za kununua, si za kuomba, si za kuazima. Walisema nyumba isiyoweza kutoa ua haiwezi kutoa mke. Mti usipochanua, biarusi hatolewi. Akikaa sana bila kutolewa, mume hutafutiwa nyumba nyingine. Ndiyo desturi. Mimi sikuitunga, msinitazame hivyo.

Binti wa Bi Mwanakheri akiitwa Raya. Akaposwa na kijana mmoja, Vuai, fundi wa milango, na Raya akampenda kabla hata posa haijafika, ila hilo mama yake hakuambiwa, na kwa mara moja hakuuliza. Mama yake Vuai, Bi Khole, alikuja kunywa kahawa na kukubaliana siku. Mwanamke mrefu, mnyamavu, mwenye kutazama vitu kwa upande.

"Mwasmini wenu unachanua?" akauliza Bi Khole.

"Unachanua mpaka unakera," akajibu Bi Mwanakheri.

"Wangu mimi haujawahi kusinyaa," akasema Bi Khole. "Sisimizi wamejaa shinani, wanapanda wanashuka kutwa. Baraka tupu."

Naam, nalo hilo watu wa mji ule walikuwa wakiliamini: sisimizi wakihamia kwako, baraka imehamia kwako. Hawafagiliwi, hawamwagiwi maji ya moto.

Basi wiki haikupita, Bi Mwanakheri akatoka uani asubuhi, akaona mstari wa sisimizi unapanda kwenye mwasmini wake. Akafurahi. Akashika jani, akaliona linang'aa kama limepakwa samli, na vidole vyake vikanata. "Raya," akaita, "njoo uone mti wetu unavyotoa jasho la afya."

Raya akaja, akagusa, akanusa kidole. "Mama, jasho tamu hili?"

"Afya ni tamu, mwanangu."

Hapo kwenye ukingo wa jani akatokea sisimizi mmoja mwenye kichwa kikubwa. Huyo ndiye Jumbe wao. Akainama mpaka vipapasio vyake vya kichwani vikagusa jani.

"Shikamoo, Bibi. Sisi ni walinzi wa mti huu. Kulala hatulali, kuchoka hatuchoki, kudai hatudai."

Bi Mwanakheri akamtazama usoni. Akaona uso mdogo, safi, wa mtu wa kazi. "Marahaba," akasema. "Nawapenda watu wa kazi. Raya, lete sukari chembe mbili tatu."

Sukari ikawekwa shinani. Jumbe akashukuru, akapanda juu na watu wake. Na pale pale akatua mdudu mmoja mviringo, mgongo mwekundu wenye madoa meusi, yule watu humwita kibibi. Akakunja mbawa zake, akasema kwa sauti nyembamba:

"Geuza jani, Bibi. Geuza jani tu."

"Na huyu mwenye madoa kama ndui ni nani?" akauliza Bi Mwanakheri.

"Mwizi," wakajibu sisimizi kwa pamoja, na wakamvamia kwa meno. Bi Mwanakheri naye akasaidia walinzi wake kwa pindo la kanga. Kibibi akaruka ukuta, akatua kwa jirani.

Mwezi haukuisha, majani yakaanza kuwa meusi. Si weusi wa kuoza. Weusi wa masizi, kama mtu kageuza masufuria akayapangusia pale. Kwanza majani ya chini, kisha ya katikati, kisha ya juu. Vikonyo vya maua vikatoka vidogo, vikajikunja, vikadondoka kabla ya kufunguka. Bi Mwanakheri akasimama mbele ya mti mikono kiunoni.

"Jumbe," akaita, "mti wangu umefanya nini?"

"Umechafuka uso, Bibi," akasema Jumbe. "Mti ukichafuka uso hupanguswa. Sisi tupo. Kulala hatulali, kuchoka hatuchoki, kudai hatudai."

Bi Mwanakheri akachukua kitambaa na maji, akapangusa jani moja moja, uso wa juu, uso wa juu, uso wa juu, mpaka mgongo ukamwuma. Masizi yakatoka. Mti ukarudi kijani. Akakaa chini akijisifu. Kibibi akatua kwenye goti lake.

"Geuza jani, Bibi. Geuza jani tu."

"Niende nyuma ya jani kufanya nini? Mimi sina mambo ya nyuma." Akamfukuza kwa ufagio.

Siku zikapita, weusi ukarudi, na mara hii ulikuja na jamaa zake. Bi Mwanakheri akaita tena, "Jumbe, mti wangu umefanya nini?"

"Una njaa, Bibi. Mti wenye njaa hulishwa. Mpe samadi nyingi, mpe maji mengi, utoe machipukizi laini. Sisi tunapenda sana machipukizi laini."

"Na mimi nayapenda," akasema Bi Mwanakheri, aliyekuwa hajawahi kuyafikiria machipukizi maishani mwake. Akamwaga samadi ya mbuzi, akamwaga maji, asubuhi na jioni. Mwasmini ukatoa machipukizi laini, marefu, yenye maji tele. Na yakawa meusi haraka kuliko majani ya zamani.

Wewe unayecheka, cheka. Lakini kwako nyumbani nani huulizwa habari za kuku, mwenye kuku au kicheche?

Kibibi akarudi mara ya tatu, na safari hii alikuja na watoto. Watoto wa kibibi hawafanani na mama yao hata kidogo. Ni vidude virefu, vyeusi, vya miiba, kama mamba waliokatazwa kukua. Wakashika njia kuelekea kwenye machipukizi.

"Geuza jani, Bibi. Geuza jani..."

Bi Mwanakheri akaziona sura zile, akavua kiatu. Wale watoto hawakufika machipukizini. Mama yao alisimama ukutani kitambo, akatazama, kisha akaenda kwa jirani asigeuke.

"Jumbe," akaita Bi Mwanakheri kwa sauti iliyopasuka, "mara ya tatu hii nakuuliza. Mti wangu umefanya nini?"

Jumbe akafikiri. Hakuwa tena na la kusema juu ya mti, kwa hiyo akasema juu ya watu. Ndivyo wafanyavyo wote. "Bibi, pengine ni jicho. Mtu akiwa na binti wa kuolewa, majirani wana macho."

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa Bi Saumu. Bi Saumu alikuwa na binti wawili wakubwa ambao hawajaposwa, na mwasmini mmoja, umepandwa kwenye mtungi mkubwa uliovunjika shingo, uliokaa juu ya kigoda cha miguu mitatu uani kwake. Nao mwasmini wake, kama mngeuliza, ulikuwa mweusi tii. Ila Bi Mwanakheri hakuuliza. Alifukiza ubani chini ya mti wake mpaka sisimizi wakapiga chafya, kisha akachukua ndoo akaenda kisimani, kwa sababu yeye hasemi mtu nyuma ya mlango. Akamngoja Bi Saumu mbele ya wanawake wote.

"Saumu," akasema, "toa jicho lako kwenye mti wa mwanangu."

Kamba ya kisima ikanyamaza. Bi Saumu akaweka ndoo chini polepole.

"Unaniita mchawi, Mwanakheri?"

"Nakuita mwenye kijicho. Mchawi sijakuona usiku. Nikikuona nitakwambia."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Nyuma yao nisingesema."

Bi Saumu alikuwa mwanamke mtaratibu, na mtaratibu akikasirika hasira yake hukaa kama embe lililofichwa majivuni. Akasema, "Basi sikiliza. Kuanzia leo kitu cha kwako kisivuke kwangu. Mtu asivuke, kuku asivuke, moshi wako usivuke. Hata sisimizi wako asivuke." Akachukua ndoo yake nusu imejaa, akaenda.

Bi Mwanakheri akarudi nyumbani amenyooka kama mchi. "Nimemwambia," akamwambia Raya.

"Umemwambia," akasema Raya. "Na mti umesikia?"

Mti haukusikia. Bi Khole ndiye aliyesikia. Majuma kadhaa yakapita, akaja bila kubisha hodi ndefu, akakataa kahawa, akaenda moja kwa moja uani. Akautazama mwasmini kwa upande. Alipoyatoa macho pale, aliyaweka juu ya Raya, na Raya akainama kufunga kanga ambayo haikuwa imefunguka.

"Nyumba hii naipenda," akasema Bi Khole. "Mtoto huyu nampenda. Lakini sitampeleka mwanangu akaoe kwenye masizi. Mwezi ujao ukiandama, ukakua, ukaisha, na mti huu haujatoa koja, tutakunja jamvi letu. Vuai ana binamu huko Mzambarauni."

"Binamu mwenyewe ana makengeza," akasema Bi Mwanakheri.

"Ana mwasmini mweupe," akasema Bi Khole, na akaondoka.

Usiku ule Bi Mwanakheri alikosa neno, na kwake yeye hiyo ilikuwa homa. Raya hakulia mbele yake. Alikaa anachambua mchele ambao ulikuwa umekwisha chambuliwa, na mama mtu akawa anasikia punje zikianguka kwenye ungo, tik, tik, tik, na kila moja ikamchoma.

Asubuhi yake akaamshwa na harufu. Alidhani anaota. Harufu ya asmini, nzito, inamwagika kutoka upande wa pili wa ukuta. Akabeba kinu, akakigeuza, akapanda juu yake, akachungulia.

Jamani. Mwasmini wa Bi Saumu ulikuwa umechanua mpaka matawi yameinama. Majani kijani. Maua meupe kama meno ya mtoto. Na kigoda chake kilikuwa kimesimama katikati ya ua, mbali na ukuta, na kila mguu umo ndani ya kifuu cha nazi kilichojaa maji, vile vile wanawake wanavyoweka miguu ya kabati la vyakula.

"Kichwa hicho ukutani kwangu ni cha nani?" ikasema sauti.

"Changu," akasema Bi Mwanakheri.

"Kimefuata nini?"

"Kimefuata harufu."

"Harufu nayo ni kitu changu. Mbona imevuka kwako, na wewe hukuikataza?" Bi Saumu alikuwa ameketi mlangoni na beseni la nguo, povu limemfika viwiko.

Bi Mwanakheri akanyoosha kidole kwenye mtungi. "Saumu, umetia dawa gani?"

"Dawa?" Bi Saumu akacheka kicheko kikavu. "Nimetia hasira. Siku ile ulipoondoa utu wangu kisimani, nilirudi hapa nikakuta sisimizi wako wanashuka ukutani wanapanda kwenye mtungi wangu. Nikasema, nimeapa. Nikasogeza kigoda, nikakiwekea maji miguuni, hakuna mguu wa kwako utakaopanda hapa. Kisha nikasema, na waliokwisha panda je? Nikachukua povu la kufulia, nikaosha kila jani, juu na chini, juu na chini, kila jioni, nikitaja jina lako."

"Jina langu?"

"Nilikuwa nakuosha wewe, Mwanakheri. Majani yalikuwa njiani tu."

"Basi hivyo tu?"

"Kilichobaki alimaliza yule mdudu wa madoa. Nilikuona unamfukuza kwa ufagio. Nikasema, anayechukiwa na yule ni mgeni wangu. Nikamwacha. Amezaa humu, watoto wana sura za kutisha kweli, na wanakula kama wajenzi. Sasa shuka kwenye hicho kinu kabla hujavunjika nikasingiziwa na hilo."

Bi Mwanakheri akashuka. Akatembea hadi kwenye mwasmini wake. Akasimama mbele ya jani, uso kwa uso, kama alivyozoea. Kisha akanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu mti ule upandwe, akageuza jani.

Upande wa nyuma ulikuwa mji. Vidukari, laini, vya kijani, vidogo kama ufuta, vimepangana bega kwa bega, kila kimoja kimezamisha mdomo wake kwenye mshipa wa jani kinafyonza. Vilikuwa havipumziki hata kumwamkia mtu. Na kwa nyuma vilikuwa vinatoa tone, tone, tone la maji matamu, yanadondokea majani ya chini yakanata, na pale pale palipo utamu masizi yalikuwa yameota kama ukungu kwenye mkate. Na katikati yao walikuwa wakitembea sisimizi, wanawagonga vidukari mgongoni taratibu kwa vipapasio, wanakinga tone, wanameza. Kwenye jani lililokauka, sisimizi walikuwa wanabeba vidukari mdomoni, kama mtu anavyobeba mwana-mbuzi, wanavipeleka kwenye machipukizi laini. Tena walikuwa wakiimba:

Twende, mfyonzaji, twende,
Jani hili limekauka;
Twende, mfyonzaji, twende,
Kule juu lachipuka;
Bibi ametia samadi,
Bibi ameshughulika.

Bi Mwanakheri alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha akauliza, sauti ya chini kabisa, ambayo Raya hakuwahi kuisikia:

"Jumbe. Mlikuwa mnalinda nini?"

Jumbe akatokea ukingoni, akainama kama siku zote. "Mifugo yetu, Bibi."

"Kwenye mti wangu."

"Malisho ni yako, mifugo ni yetu. Ulinzi tuliufanya kwa uaminifu. Kulala hatukulala, kuchoka hatukuchoka, kudai hatukudai. Ile sukari ulileta mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Bibi," akasema Jumbe, na alisema kwa heshima, hilo nitamtetea, "wewe ulinitazama usoni. Usoni mimi ni mtu mzuri."

Basi Bi Mwanakheri akakasirika, na kwa mara moja hasira yake ikapata mahali pa kwenda. Alitaka kuleta maji yanayochemka amwage shinani. Raya akamshika mkono. "Mama, ukiuchemsha mti utaolewa wewe na masizi." Akaacha. Akakaa chini akafikiri, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya baada ya kusema.

Mti wake haukuwa na kigoda. Ulikuwa na mizizi ardhini, huwezi kuuwekea maji miguuni. Lakini fenesi lilikuwepo, na utomvu wa fenesi kila mtega ndege anaujua. Akauchemsha na mafuta kidogo mpaka ukawa ulimbo mzito. Akafunga kitambaa kikuukuu kuzunguka shina, asije akauunguza mti wenyewe ngozi, akapaka ulimbo juu ya kitambaa, ukanda mpana wa kiganja. Akakata kila tawi lililolalia ukuta, na kila unyasi uliokuwa umeegemea shina, kwa maana sisimizi haombi daraja, hulipata. Machipukizi yaliyojaa vidukari kupita kiasi akayakata, akayafukia. Vidukari waliobaki akawaosha kwa povu la kufulia, chini ya jani, chini ya jani, chini ya jani. Samadi akaiacha.

Sisimizi wakafika kwenye ulimbo. Wa kwanza akanata. Wa pili akapita juu ya wa kwanza, akanata. Bi Mwanakheri akaona wanajenga njia kwa miili yao, akapaka upya. Kesho wakajaribu tena, akapaka tena. "Kulala silali," akawaambia, "kuchoka sichoki. Kudai, nadai."

Lakini mdudu wa madoa hakuja. Bi Mwanakheri alimngoja bure. Povu lilipunguza vidukari, halikuwamaliza. Wanazaliana kama umbea. Bi Mwanakheri akajua mdudu yuko wapi, na akajua njia ya kwake inapitia wapi. Haipiti juu ya kinu. Inapita kisimani.

Akachukua ndoo. Akawangoja wanawake wote wafike, hata yule mwenye mguu mbaya anayechelewa. Na mwezi ulikuwa tayari umekua nusu yake.

"Saumu," akasema, kwa sauti ile ile aliyomtukania, wala hakuipunguza hata kidogo. "Nilisema una kijicho. Nilisema mbele ya watu. Mti wangu ulikuwa na wadudu, na waliowaleta niliwalisha sukari mimi mwenyewe. Nimekosa. Na hili nalisema mbele ya watu."

 Bi Saumu akatumbukiza ndoo yake kisimani.

"Nina kijicho," akasema.

"Unasema?"

"Nina kijicho, Mwanakheri. Wangu wawili wamekaa ndani, wako mmoja kaposwa na fundi mwenye mikono mizuri. Ningekuwa mwongo ningekataa. Usiku nimelala nikiwaza kwa nini yeye." Akavuta kamba, ndoo ikapanda. "Ila kijicho changu hakijui kufyonza jani. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba ulinisingizia ujuzi ambao sina."

Mwanamke mmoja akacheka, kisha wengine, kisha wenyewe wawili.

Jioni Bi Saumu akabisha hodi mlangoni, ndani ya kifuu amechukua kibibi na watoto wake wa sura mbaya. Kibibi akamtazama Bi Mwanakheri. Bi Mwanakheri akatazama chini.

"Nilikuulia watoto," akasema.

"Nilikuwepo," akasema kibibi. "Hawa ni wengine. Kiatu kiko wapi?"

"Nimekifungia kabatini."

"Basi geuza jani, Bibi." Na Bi Mwanakheri akageuza, akalishika hivyo hivyo wapate njia, na wale watoto wakashuka wakaanza kula.

Mwezi ukajaa, ukaanza kupungua. Majani ya zamani yalibaki na weusi wake, kwa kuwa ulimbo hautakasi yaliyopita. Lakini mapya yalitoka kijani, makavu, hayanati. Kisha vikonyo. Vikonyo vikashika, havikudondoka. Mwezi ulipobaki kama ukucha uliokatwa, asmini zikafunguka.

Hazikuwa nyingi. Hazikujaza ungo, zilijaza kifuu. Bi Saumu akaona Bi Mwanakheri anazitazama, akajua anachowaza, kwa kuwa ukutani kwake zilikuwa zinamwagika bure.

"Zangu sikupi," akasema. "Ua la jirani ni aibu. Lakini kidole cha jirani si aibu." Wakaketi jamvi moja wakatunga, na kwa kuwa Bi Saumu ni mtungaji na Bi Mwanakheri si mtungaji, koja likatoka jembamba lakini halina pengo. Raya akatolewa. Bi Khole akalitazama lile koja kwa upande, akanusa, akasema, "Fupi." Kisha akasema, "Lanukia." Na jamvi likatandikwa.

Fungate ilipokwisha, Bi Mwanakheri akaenda kumwona mwanawe kwa Bi Khole. Raya akampokea mlangoni, amenawiri, na nyuma yake Vuai ameshika randa hajui aiweke wapi. Kahawa ikaletwa. Bi Khole akamwongoza mgeni uani.

Mwasmini wa Bi Khole ulikuwa mkubwa, wa zamani, umejaa kwenye pembe. Mstari wa sisimizi unapanda, mstari unashuka. Shinani pamewekwa kijiko cha asali. Na majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa meusi.

"Ulikuwa mzuri mpaka wiki hii," akasema Bi Khole. Akamtazama Bi Mwanakheri kwa upande, polepole, kuanzia mtandio mpaka viatu. "Sijui ni nini. Watu wanasema ni jicho. Pana wageni wapya wanaoingia siku hizi."

Raya akamfinya mama yake mkono, kwa nguvu. Bi Mwanakheri akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, na yote ni ya kweli. Akaufunga. Akafungua pindo la kanga yake badala ya mdomo, akatoa kibonge cha ulimbo alichokuwa akitembea nacho siku hizo kama wengine wanavyotembea na tambuu.

"Mwenzangu," akasema kwa upole, "niletee kitambaa kikuukuu. Na kwanza njoo hapa karibu, tugeuze jani."

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyenata na abaki na jiko, mwenye miguu mikavu na aende akalale.